Kuanza masomo ya dini ukubwani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Anayeingia darasa la dini akiwa mtu mzima haingii mikono mitupu. Ameshazika wapendwa, ameshaomba akajibiwa, na ameshaomba akanyamaziwa. Pengine ana kitabu kitakatifu ambacho kurasa zake zimechakaa kwa kufunuliwa, au aliacha ibada zamani na maswali yakakataa kumwacha. Yote hayo ni mtaji. Bahati mbaya, mtaji huohuo ndio unaowakwamisha wengi wiki za mwanzo, kwa sababu darasa la dini la chuoni huuliza maswali ya namna nyingine, na mara nyingi hakuna anayemweka mwanafunzi mpya kitako akamwambia hivyo.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kuchagua darasa na kuishia muhula wa kwanza unapofungwa. Kwenye suala la maswali nimekaa muda mrefu zaidi, maana nimeona ndilo linaloamua nani atafika mwisho wa muhula na nani ataishia njiani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni darasa unalolitafuta

Masomo ya dini yako ya aina tatu, na mtu akikosea mlango hupoteza ada na moyo.

Kuna mafundisho ya kiimani: katekesi, darsa za msikitini, maandalizi ya ubatizo au ya kusilimu. Hapo lengo ni kumlea muumini. Kuna teolojia na elimu ya dini inayosomwa ndani ya dini yenyewe, kama katika seminari, vyuo vya Biblia na vyuo vya Kiislamu. Humo mwanafunzi hufikiri kwa kina akiwa amesimama ndani ya imani, na wengi hujiandaa kwa utumishi wa uchungaji, uimamu au ualimu. Halafu kuna taaluma ya dini, inayochunguza dini kama sehemu ya maisha ya binadamu kwa kutumia historia, sosholojia, anthropolojia, falsafa na uchambuzi wa maandishi. Katika darasa hilo Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiye na dini hukaa benchi moja, na karatasi zao husahihishwa kwa kipimo kimoja.

Hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Ila ukiitaka ya kwanza ukajikuta katika ya tatu, utaumia. Mwongozo huu unahusu hiyo ya tatu, ingawa mengi yatamfaa pia anayekwenda kusoma teolojia.

Kutambua aina ya darasa si kazi ngumu. Omba muhtasari wa kozi kabla ya kulipa chochote, kisha ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kazi na mitihani. Swali kama "Eleza umuhimu wa sala katika maisha ya mwamini" linatoka katika darasa la malezi. Swali kama "Linganisha namna sala ya pamoja inavyojenga jumuiya katika dini mbili ulizosoma" linatoka katika darasa la taaluma. Tazama pia orodha ya vitabu. Ikiwa waandishi wote ni wa dhehebu moja, umeshapata jibu.

Inasaidia kujua kwamba mpaka huu una historia. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1963 kwamba shule za umma zisiendeshe usomaji wa Biblia kama ibada, na katika uamuzi huohuo ikaeleza kwamba kuisoma dini kitaaluma ni jambo linaloruhusiwa. Nchini Uingereza, Ninian Smart alianzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 1967, kwa nia ya kuzisoma dini zote na si Ukristo peke yake. Kwa hiyo mhadhiri asipofungua kipindi kwa sala, usidhani anakudharau. Anafuata desturi ya taaluma, na huenda yeye mwenyewe ni mcha Mungu kuliko unavyomdhania.

Hatua ya 2: Maliza mambo ya ofisi mapema

Hapa sina mengi ya kusema. Tafuta vyeti vyako vya zamani, hata vile unavyodhani havina kazi tena. Uliza kama chuo kina utaratibu wa kuwapokea watu wazima wasio na sifa za kawaida, kwa mtihani wa kujiunga au kwa kuthaminiwa ujuzi walionao. Uliza kama unaweza kusoma somo moja tu kabla ya kujisajili kwa shahada au diploma nzima, na kama inaruhusiwa kukaa darasani kama msikilizaji bila kufanya mitihani. Usiondoke kabla hujajua ni vipindi vingapi ambavyo ni lazima uhudhurie ana kwa ana.

Ukiwa na kazi na familia, anza na somo moja. Wanaoanza na manne ili "kufidia muda uliopotea" ndio ninaowaona wakiomba kuahirisha katikati ya muhula.

Hatua ya 3: Jiandae majuma machache kabla

Soma kitabu kimoja kifupi cha utangulizi kuhusu dini isiyo yako. Nasisitiza isiyo yako. Friedrich Max Müller, mmoja wa waasisi wa fani ya kulinganisha dini, katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1870, alishikilia kwamba anayeijua dini moja tu haijui hata hiyo moja, na wanafunzi wa fani hii bado wanaukumbuka usemi wake. Kwa mtu mzima una faida nyingine pia. Ukisoma dini ambayo hujaipenda wala kuichukia, unazoea kuuliza bila moyo kwenda mbio, na mazoea hayo utayahitaji zamu ya dini yako itakapofika.

Pili, jifunze namna ya kutaja mahali katika maandiko matakatifu, kwa sababu wahadhiri huyataja kwa kasi na mgeni hubaki anahangaika na kurasa. Kurani ina sura 114, na hutajwa kwa namba ya sura na ya aya, kama 96:1. Biblia hutajwa kwa jina la kitabu, sura na mstari. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unanasibishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekewa namba na Robert Estienne mwaka 1551, kwa hiyo namba hizo ni za baadaye sana kuliko maneno yenyewe. Idadi ya vitabu nayo hutofautiana: Waprotestanti wana 66, Wakatoliki 73. Rigveda, andiko la kale la Kihindu, ina nyimbo 1,028 katika vitabu 10. Guru Granth Sahib, kitabu cha Masingasinga, ina kurasa 1,430, na nakala za kawaida zote zimepangwa ukurasa kwa ukurasa sawasawa, kwa hiyo hutajwa kwa namba ya ukurasa. Talmudi, mkusanyo wa sheria na mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi, hutajwa kwa jina la juzuu na namba ya karatasi, pamoja na herufi inayoonyesha upande wake.

Tatu, zoea tarehe. Katika vitabu vingi kuhusu Uislamu utakuta miaka miwili imetenganishwa kwa mkwaju: wa kwanza ni wa Hijria, wa pili ni wa kalenda ya kawaida. Mwaka wa 1 wa Hijria ulianza mwaka 622. Usijaribu kubadilisha kwa kutoa 622 tu, kwa sababu mwaka wa Hijria hufuata mwezi na ni mfupi kwa siku 11 hivi. Tumia jedwali.

Hatua ya 4: Badilisha swali

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Swali tulilolelewa nalo wengi ni hili: je, ni kweli? Je, kweli malaika alishuka, kweli bahari iligawanyika, kweli mizimu husikia? Ni swali la maana sana, na wala hulazimiki kuliacha maisha yako yote. Darasani tu utaombwa uliweke kando kwa muda, ili uweze kuuliza mengine: Nani anasema hivi? Alisema lini, akiwaambia akina nani? Neno hili lilifanya kazi gani katika jamii hiyo? Wengine wa dini hiyohiyo walilisomaje? Na tumejuaje hayo yote?

Muumini na asiye muumini wanaweza kuyajibu maswali haya pamoja, wakapingana au wakakubaliana kwa ushahidi, bila mmoja kulazimika kwanza kumwongoa mwenzake. Kuweka swali la ukweli kando si kulijibu kwamba "hapana". Wanafunzi wengi wenye imani hukasirika kwa kudhani wamejibiwa hapana, na wengi waliokwisha kuiacha dini hufurahi kwa kosa lilelile.

Tuchukue mfano. Fungua Biblia, Mwanzo sura ya 1 na ya 2, ukiwa na kalamu na karatasi. Orodhesha kinachoumbwa, kwa mpangilio. Katika sura ya 1 mimea inakuja siku ya tatu, viumbe vya majini na ndege siku ya tano, wanyama wa nchi kavu siku ya sita, na mwisho mtu, mume na mke kwa pamoja. Sasa anza tena kutoka 2:4. Hakuna mche kondeni bado. Mwanamume anafanywa kwa mavumbi ya ardhi katika 2:7. Kisha bustani na miti. Kisha wanyama na ndege katika 2:19. Na mwanamke anakuja mwishoni, katika 2:22. Halafu tazama jina. Katika sehemu ya kwanza anaitwa "Mungu". Kuanzia 2:4 anaitwa "BWANA Mungu".

Yote hayo umeyaona mwenyewe, kwa Kiswahili, bila profesa yeyote kukushika mkono. Kinachofuata ndicho masomo yenyewe. Wasomaji wa kale wa Kiyahudi na wa Kikristo waliziona tofauti hizi, na wengi wao walieleza kwamba sura ya 2 inarudi kufafanua siku ya sita. Wahakiki wa karne za karibuni, wengi wao Wakristo na Wayahudi wenye kushika ibada, wameona humo masimulizi mawili yenye asili mbili, yaliyounganishwa baadaye. Kazi yako ni kueleza kila upande unatumia ushahidi gani, unaeleza vizuri jambo gani, na unapata taabu wapi. Ukifika hapo umeanza kusoma dini kitaaluma, na hakuna aliyekunyang'anya Mungu wako.

Wala usikubali maneno kwamba maswali haya ni ya kuletwa kutoka nje ya dini. Wanazuoni wa Kiislamu waliuliza mapema sana aya ipi ilishuka Makka na ipi Madina, na kwa sababu gani. Ndiyo maana mwanafunzi hujifunza kwamba aya tano za mwanzo za sura ya 96 ndizo zinazopokewa kwa wingi kuwa za kwanza kushuka, ingawa katika msahafu zimo karibu na mwisho. Wanazuoni wa hadithi, miongoni mwao Bukhari aliyefariki mwaka 870, walichambua kila sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi: nani alimsikia nani, je, waliishi zama moja, je, mpokeaji alikuwa mtu wa kuaminika? Uhakiki wao una misingi yake, tofauti na ya mwanahistoria wa chuo kikuu, lakini hakuna awezaye kusema kwamba waliogopa kuuliza.

Fanya zoezi hili kila juma. Andika swali lako la moyoni upande mmoja wa ukurasa, kwa mfano "Kwa nini Mungu huwaacha wema wateseke?" Upande wa pili liandike upya kwa namna ya darasa: "Kitabu cha Ayubu kinatoa majibu gani kuhusu mateso ya mwema, na ni mhusika gani anayatoa?" La kwanza ubaki nalo, la pili ulipeleke kwenye semina.

Hatua ya 5: Soma kidogo kila siku, na usisome mwandishi mmoja

Makala ya kitaaluma haisomwi kama sura ya maandiko, neno kwa neno tangu juu. Anza na utangulizi, rukia hitimisho, tazama vichwa vidogo, kisha urudi katikati ukiwa tayari unajua mwandishi anadai nini. Pembeni andika mambo mawili: anabishana na nani, na ushahidi wake ni upi. Dakika 40 kila siku kabla nyumba haijaamka zina faida kuliko saa sita za Jumamosi, maana akili iliyochoka na kazi ya juma zima haishiki majina mageni.

Kwa kupanga unayosoma, vipengele saba vya Ninian Smart bado vinasaidia. Chora safu saba katika daftari: ibada na matendo; uzoefu na hisia; masimulizi; mafundisho; maadili na sheria; jamii na taasisi; vitu na mahali. Kila dini unayoisoma, ijaze. Utashangaa safu zipi zinabaki tupu, na mara nyingi utupu huo unakueleza mambo kuhusu kitabu unachokisoma kuliko kuhusu dini yenyewe. Kitabu kilichoandikwa na mtu wa mafundisho husahau vitu: mavazi, ubani, makaburi, ngoma. Mpango wa Smart umekosolewa, na wewe utakuja kuukosoa, ila kwa kuanzia sijaona ulio rahisi zaidi.

Kuhusu kusoma waandishi zaidi ya mmoja, mfano mzuri ni dini za jadi za Afrika. John Mbiti, Mkenya aliyekuwa kasisi wa Kianglikana, aliandika miaka ya 1960 akionyesha kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya wamisionari, na kazi yake ilifungua milango vyuoni duniani kote. Okot p'Bitek wa Uganda akaja mwaka 1970 na lawama kali: kwamba wasomi wa namna hiyo waliivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Wakristo. Ukimsoma Mbiti peke yake utadhani jambo limekwisha. Ukiwasoma wote wawili utaona kwamba namna ya kuieleza dini nayo ni hoja inayopiganiwa.

Tafsiri nazo zisomwe hivyohivyo. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Kurani imefasiriwa kwa Kiswahili na Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, mwaka 1923. Na Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953. Na Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, mwanazuoni wa Kisunni, mwaka 1969. Weka aya moja katika tafsiri mbili kati ya hizo, usome na maelezo ya chini ya kila mfasiri. Utaona wazi kila mmoja alikuwa akizungumza na nani.

Hatua ya 6: Darasani, sema kwa zamu na kwa adabu ya fani

Wengi wa wenzako watakuwa na umri wa wanao. Mhadhiri pia anaweza kuwa mdogo kwako. Mwite kwa cheo chake, kama Daktari au Profesa, naye atakupa heshima ya umri wako bila wewe kuidai.

Uzoefu wako una thamani, lakini upime. Ukisema "mimi nimekaa kanisani miaka thelathini na haiko hivyo," umefunga mazungumzo. Ukisema "katika kanisa nililokulia, wanawake ndio waliokuwa wakiongoza maombi ya nyumbani, ingawa kitabu hiki kinataja wanaume tu," umeleta ushahidi ambao darasa zima linaweza kuufanyia kazi. Tofauti ni kwamba wa pili anaeleza jambo lililotokea mahali fulani, na anawaachia wengine nafasi ya kulipima.

Chunga na "sisi" na "wao". Sema "Waislamu wengi wanaamini", "katika mapokeo ya Kikatoliki", "baadhi ya Wahindu". Neno "baadhi" litakuokoa mara nyingi. Jiwekee pia kanuni hii: usiieleze dini ya mtu kwa namna ambayo yeye mwenyewe, akiwa amekaa kiti cha pili kutoka kwako, asingeitambua. Anaweza kupinga hitimisho lako, hiyo ni haki yake. Ila maelezo yako ya kile anachokiamini lazima ayakubali.

Hatua ya 7: Andika insha, usiandike mahubiri

Hapa watu wazima hupoteza alama kuliko mahali pengine popote, tena walio hodari wa kusema ndio zaidi. Aliyezoea kuhubiri, kutoa mawaidha au kufundisha Sunday school ana ufasaha tayari, na ufasaha huo humpeleka kwenye mimbari kabla hajajua.

Tazama mwanzo huu: "Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, mwanadamu amekuwa akimtafuta Muumba wake, na ni dhahiri kwamba bila Mungu hakuna amani." Msahihishaji hana la kufanya na sentensi hii. Haina mahali, haina wakati, haina chanzo, na haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa.

Sasa huu: "Insha hii inalinganisha Mwanzo 1 na Mwanzo 2 kwa kuangalia mpangilio wa uumbaji na majina ya Mungu. Nitadai kwamba simulizi la kwanza linalenga kuhalalisha pumziko la siku ya saba, na la pili linaeleza uhusiano wa mtu na ardhi na wa mwanamume na mwanamke." Dai hili linaweza kupingwa, na ndiyo sababu linastahili kuandikiwa kurasa sita.

Jizoeze vitenzi vya kubeba madai bila kuyabeba kama yako: "Injili ya Marko inasimulia", "Wabuddha wa Theravada wanashikilia", "kwa mujibu wa mapokeo", "wanahistoria wengi wanaona". Ukiandika "Mungu alimwambia Musa", umedai wewe. Ukiandika "katika Kutoka 3 Mungu anamwambia Musa", umeripoti andiko, na hakuna muumini wala asiyeamini awezaye kukupinga.

Kila wazo lisilo lako litaje chanzo chake. Kwenye mahubiri watu huazimana mifano bila kutajana na hakuna anayelalamika; chuoni huo ni wizi wa kitaaluma, na adhabu yake inaweza kuwa kufutiwa somo. Programu za akili mnemba nazo uziangalie kwa macho mawili. Kwanza uliza kama somo lako linaziruhusu. Hata zinaporuhusiwa, fungua mwenyewe kila aya na kila kitabu zinachokutajia, kwa sababu hutunga aya zisizokuwepo na kuzipa namba zinazoaminika kabisa.

Peleka rasimu kwa mhadhiri katika saa zake za kuonana na wanafunzi. Vijana huogopa kwenda. Wewe umeshakaa na wakubwa wa kazi, wakwe na madaktari, nenda.

Hatua ya 8: Ziara katika nyumba ya ibada

Masomo mengi huwa na kazi ya kutembelea ibada isiyo yako na kuandika ripoti. Omba ruhusa siku kadhaa kabla, ujitambulishe kuwa mwanafunzi, wala usijifanye unataka kuongoka. Uliza kuhusu mavazi, kufunika kichwa, kuvua viatu, na wapi mgeni anakaa. Usipige picha wala kurekodi bila idhini. Uliza pia ni sehemu gani ya ibada mgeni hashiriki: katika makanisa mengi, kwa mfano, komunyo ni ya waumini wake, na ukibaki kitini hakuna atakayekushangaa. Dhamiri yako nayo ina haki. Kama kuna tendo usiloweza kulifanya, kaa kimya kwa heshima na uangalie.

Kalamu iache mfukoni. Andika mara utokapo, kabla ya kuongea na mtu: sauti ya kwanza uliyoisikia, nani aliketi wapi, watoto walifanya nini, lini watu walisimama. Tafsiri ya maana yake itakuja baadaye. Ikiwa unakusudia kuwahoji watu na kunukuu maneno yao, uliza kwanza kama chuo kinataka kibali cha maadili ya utafiti.

Hatua ya 9: Nyumbani na katika jumuiya yako

Kuna watakaokuuliza kama unataka kubadili dini. Kuna mama au mzee atakayehofia kwa dhati kwamba umeanza kupotea, na hofu hiyo ni ya upendo. Mjibu kwa upole na kwa ufupi: unasoma namna watu wanavyoabudu na namna maandiko yalivyotufikia. Usilete nyumbani kila ulichosikia darasani jioni hiyohiyo. Hoja iliyokuchukua wiki nne kuielewa, ukiirusha mezani kwa sentensi moja, inamfikia mwenzako kama shambulio.

Na wewe mwenyewe, usishangae imani ikitikisika katikati ya muhula. Wengine hutoka na imani iliyotulia zaidi, wengine hubadilika, wengine hawaoni tofauti yoyote. Usifanye uamuzi mkubwa wa maisha wakati wa mitihani. Tafuta mtu mmoja wa dini yako aliyesoma, mwenye kusikiliza, mzungumze. Na kama kinachokuelemea ni msiba au jeraha la zamani lililofukuliwa na mada fulani, mweleze mhadhiri mapema. Vyuo vingi vina washauri wa wanafunzi, nao wapo kwa ajili ya watu wa umri wowote.

Hatua ya 10: Chagua somo la pili

Muhula ukiisha utajua kilichokuvuta. Kama ni maandiko, somo la pili liwe lugha: Kiarabu kwa Kurani, Kiebrania au Kigiriki kwa Biblia, Kisanskriti au Kipali kwa maandiko ya Kihindu na ya Kibuddha. Muhula mmoja hautakupa uwezo wa kusoma kwa raha, lakini utaweza kutumia kamusi na kuona mfasiri alikuwa na chaguo gani mbele yake. Kama ulivutwa na watu na ibada zao, chukua anthropolojia au sosholojia ya dini, mahali utakapokutana na Durkheim na Weber, waasisi wa sosholojia. Kama ni maswali ya haki na mateso, nenda falsafa ya dini. Na kama bado hujui, chagua dini iliyo mbali kabisa na uliyokulia. Anayechagua lugha ajisajili mapema, kwa sababu madarasa hayo huwa madogo na mara nyingi hufutwa yasipopata watu wa kutosha.